Swali la Wayunani Lililofika Tabora

Msafiri afikaye Tabora leo aona mji mkubwa wenye reli, masoko, na mitaa kama Mtendeni, Isevya na Ng'ambo. Zamani mahali hapa palikuwa njia panda ya misafara, napo palikuwa na makao ya wafanya biashara yaliyoitwa Kaze. Njia moja ilikwenda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda, na nyingine ilishuka hata Bagamoyo. Kila mpagazi aliyetua mzigo wake wa pembe au wa nguo alikuwa na habari za nchi alikotoka. Ndiyo sababu swali la kale sana la Wayunani lilikuja kutafutiwa jibu hapa.

Swali lenyewe ni hili: Mto Nile watoka wapi? Wayunani waliofika Misri waliona nchi ya mvua chache, nao mto ulifurika kila mwaka wakati wa joto kali, mito mingine ipunguapo. Wakastaajabu.

Mmoja wao, jina lake Herodotus, aliyeishi zaidi ya miaka 400 kabla ya kuzaliwa Kristo, alikwenda Misri akauliza. Karani wa hekalu alimwambia kwamba kuna milima miwili, na katikati yake zimo chemchemi zisizo na mwisho. Nusu ya maji huenda kaskazini, na nusu huenda kusini. Herodotus aliyaandika maneno hayo, lakini aliongeza kwamba alimdhani mtu yule kuwa afanya mzaha.

Yapata mwaka 150 baada ya Kristo, wakati Warumi walipoitawala Misri, mtaalamu Ptolemy wa Iskanderia alikusanya habari za nchi nyingi. Mabaharia walikuwa wamefika pwani ya Afrika Mashariki, penye bandari iliyoitwa Rhapta. Mmoja wao, Diogenes, alisukumwa na upepo mpaka karibu na huko, akaleta habari za maziwa ambayo Nile hutoka humo. Kitabu cha Ptolemy chasema kwamba maziwa hayo hupata maji kutoka theluji ya Milima ya Mwezi.

Kwa muda wa miaka mia nyingi watu wa Ulaya walichora maziwa na milima hiyo katika ramani zao, ingawa hawakuwa wameiona. Kisha, tarehe 7 Novemba 1857, Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Kaze kutoka pwani. Mwarabu Snay bin Amir aliwapokea kwa ukarimu. Katika Ulaya ilikuwa imetangazwa ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann, yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya nchi. Snay aliwaeleza kwamba si ziwa moja, bali ni matatu, na la kaskazini ni kubwa kuliko lile la Ujiji. Basi mfanya biashara wa Kaze, aliyezijua njia kwa kuzipita na kwa kuwauliza waliozipita, alisahihisha ramani ya wenye elimu.

Walipokwisha kuliona Ziwa Tanganyika, walirudi Kaze. Burton akabaki kwa ugonjwa. Mwezi wa Julai 1858 Speke alikwenda kaskazini pamoja na Sidi Mubarak Bombay, na mwanzoni mwa Agosti aliliona ziwa kubwa karibu na Mwanza. Akarudi kwa furaha, akasema, chimbuko la Nile limepatikana. Burton hakukubali. Speke alikuwa ameona upande mmoja tu wa ziwa, wala hakuuona mto utokao. Tena Speke alichora Milima ya Mwezi kaskazini ya Tanganyika, naye Burton aliipinga. Jina la Unyamwezi, ambamo neno mwezi limo, liliwatia watu mawazo mengi. Lakini kufanana kwa majina si ushahidi.

Je, wenye elimu huamuaje ugomvi kama huo? Huitisha mkutano. Watu hukusanyika kutoka mbali, kila mmoja husimama akaeleza aliyoyaona, na wengine humwuliza maswali. Haitoshi kwamba mtu ana cheo, hutakiwa ushahidi. Mwaka 1862 Speke alikuwa amerudi Afrika na kuuona mto ukitoka ziwani mahali pa Jinja, ila hakuufuata njia yote. Kwa hiyo ilipangwa kwamba yeye na Burton wajibizane mbele ya wataalamu katika mji wa Bath, Uingereza, tarehe 16 Septemba 1864. Watu wakakusanyika kusikiliza, wakaletewa habari ya kusikitisha: jana yake Speke alikuwa akiwinda, akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe. Wachunguzi walisema ilikuwa ajali. Mkutano ukakosa jibu.

Daktari Livingstone alikuwapo Bath. Mwaka 1866 alirudi Afrika kutafuta jibu mwenyewe. Mwaka 1872 alikaa miezi kadhaa katika tembe la Kwihara, karibu na Tabora, akingoja wapagazi. Moyoni mwake aliziwaza chemchemi za Herodotus, akidhani ziko kusini ya mbali. Mwezi wa Agosti aliondoka kuzitafuta, akafa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho sasa kimo Zambia. Chemchemi zile hazikuwapo. Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake mpaka pwani, wakapita tena nchi hii ya Unyanyembe.

Mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa la Victoria kwa mashua, ikaonekana kwamba Speke alisema kweli. Baadaye, mwaka 1888, aliona theluji juu ya Ruwenzori, na wengi hudhani kwamba hiyo ndiyo Milima ya Mwezi.

Tazama basi jinsi maneno ya kale yapasavyo kupokewa. Ptolemy aliandika habari za mabaharia, na ndani yake mlikuwa na kweli. Herodotus aliandika habari za karani, naye mwenyewe alizitilia shaka. Aliyeisahau shaka hiyo alipotea njia. Kitabu cha kale kisidharauliwe, wala kisiaminiwe bila kupimwa. Na mtu atakaye kukipima awaulize kwanza wenyeji na wasafiri wa nchi, kama walivyoulizwa watu wa Kaze.

MASWALI

1. Kwa nini habari za nchi nyingi zilipatikana Kaze?
2. Snay bin Amir alisahihisha jambo gani?
3. Burton alikuwa na sababu gani ya kutomwamini Speke?
4. Eleza tofauti kati ya habari za Ptolemy na habari za karani wa Herodotus.