Mnato wa Damu na Kusinyaa kwa Ateri ya Radiali Baada ya Matibabu ya Moyo Kupitia Kifundo cha Mkono

Lucien Campeau alieleza uchunguzi wa mishipa ya moyo kupitia ateri ya radiali mwaka 1989, na Ferdinand Kiemeneij akaanza kuitumia njia hiyo kuzibua mishipa mwaka 1992. Njia hiyo husababisha uvujaji mdogo wa damu kuliko ile ya ateri ya paja. Hata hivyo, ateri ya radiali huweza kusinyaa au kuziba baadaye. Mara nyingi mgonjwa hahisi lolote, kwa kuwa ateri ya ulna huendelea kulisha kiganja. Hasara hujitokeza ateri hiyo inapohitajika tena: kwa matibabu ya kurudia, kwa kupandikizwa katika upasuaji wa moyo, au kwa kuunganishwa na vena ili kusafisha damu ya mgonjwa wa figo.

Uhusiano wa tatizo hili na mnato wa damu una misingi miwili. Kwanza, mtiririko katika mrija hutegemea kipeo cha nne cha nusu kipenyo: nusu kipenyo kikipungua kwa nusu, mtiririko hushuka hadi sehemu moja ya 16, mambo mengine yakibaki vilevile. Pili, mnato wa damu hubadilika kulingana na mwendo. Damu ikienda polepole, chembe nyekundu hushikamana kwa msaada wa fibrinojeni, na mnato hupanda. Ateri iliyojeruhiwa na mrija, kisha ikabanwa, huwa katika hatari ya damu kuganda ndani yake.

Mnato huweza kukadiriwa kwa fomula ya de Simone na wenzake, inayotumia hematokriti na jumla ya protini. Vipimo hivyo hupatikana kwa urahisi, lakini makadirio si kipimo halisi. Aidha, uvutaji wa sigara huongeza hematokriti na pia hudhuru ukuta wa ateri. Kwa hiyo, mnato mkubwa ni kiashiria cha hatari, si uthibitisho wa chanzo.

Kinachorekebishika zaidi ni mtiririko. Katika utafiti wa PROPHET wa mwaka 2008, kubana jeraha huku damu ikiendelea kupita kulipunguza kuziba baada ya saa 24 kutoka asilimia 12 hadi 5. Hivyo, thamani ya kukadiria mnato ni kumtambua mapema mgonjwa anayehitaji uangalizi huo zaidi.