Sinthesaiza ya Kujitengenezea: Anza na Umeme

Kijana anayeniletea sinthesaiza aliyoitengeneza mwenyewe mara nyingi huwa ameanzia mwisho. Sakiti ya kutoa sauti, yaani osileta, iko tayari, imechomelewa vizuri, nyaya zimepangwa kwa rangi. Nikimuuliza inapata umeme wapi, ananionyesha chaja ya simu. Nikimuuliza paneli, ananionyesha kipande cha katoni kilichotobolewa kwa kisu. Na malalamiko ni yale yale: sauti inayumba, na nyuma yake kuna mvumo usiokoma.

"Fundi, nibadilishe osileta?"

"Hapana, kijana. Osileta yako ni nzima. Shida ni stima unayoilisha."

Mimi hutengeneza amplifaya na vinanda hapa Litein, na wateja wangu wengi ni makanisa na bendi za Kipsigis, kuanzia Kapkatet hadi Sotik na Bomet mjini. Hili la vijana kujitengenezea ala nalipenda kwa moyo wote. Nchi yetu ya majani chai haikuanza leo kushughulika na muziki wa umeme: enzi za santuri, duka la Chandarana mjini Kericho lilirekodi na kuuza benga pamoja na nyimbo za Kipsigis. Na pale Kampala, Brian Bamanya alipoona sinthesaiza za kununua ni ghali mno, alijiundia yake na kuiita Afrorack. Mwaka 2022 akatoa albamu yenye jina hilo hilo. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao.

Kwa asiyeijua, sinthesaiza ni ala inayoumba sauti kwa umeme mtupu, bila uzi wala ngozi. Robert Moog wa Marekani alionyesha yake mwaka 1964, na katika mtindo wake volti ndizo zinazoamua noti. Ongeza volti 1, sauti inapanda oktavu nzima. Oktavu ina nusu toni 12, kwa hivyo kila nusu toni ni kama milivolti 83 tu. Umeme ukitikisika kwa milivolti 20 na mtikisiko huo ukapenya hadi kwenye osileta, noti imehama karibu robo ya nusu toni. Mwalimu wa kwaya ataisikia mara moja.

Chaja ya simu haifai kwa sababu nyingine pia. Inatoa volti 5 za upande mmoja, chanya peke yake. Wimbi la sauti hupanda juu ya sifuri na kushuka chini yake, na ndiyo maana sinthesaiza nyingi za aina hii huhitaji pande mbili: chanya 12, sifuri, na hasi 12.

Pawa saplai ya kawaida ina vitu vichache. Transfoma yenye waya wa katikati inashusha stima, dayodi nne zinaigeuza iende upande mmoja, kapasita mbili kubwa zinajaza mabonde ya wimbi mara 100 kwa sekunde, kisha regyuleta mbili, 7812 ya chanya na 7912 ya hasi, zinaisawazisha. Vitu hivi vyote vinapatikana kwa maduka ya spea za redio. Swali ambalo vijana hawaulizi ni transfoma ya volti ngapi. Wanaona wanahitaji 12, wananunua ya 12-0-12. Hapo ndipo wanapopotea.

Fanya hesabu nami. Stima yetu ni volti 240 kwa jina, lakini jioni watu wote wakiwasha vitu vyao nimewahi kupima 200. Kwa 200, transfoma ya 12 inatoa 10. Kilele cha wimbi ni mara 1.4 ya hapo, yaani 14. Dayodi inachukua karibu volti 1, unabaki na 13, na regyuleta ya 7812 inataka zaidi ya 14 mlangoni ili itoe 12 zilizotulia. Imeshindwa, na mvumo wote unapita. Ukichukua ya 15-0-15, stima hiyo hiyo mbovu inakuachia kama 16.5, nafasi ya kutosha. Gharama yake ni joto: stima ikirudi 240, regyuleta inapokea karibu 20, inatupa 8, na kwa nusu ampea hizo ni wati 4 za moto. Ifunge kwenye bati nene la alumini.

Ukifika kwenye kulifunga, angalia migongo ya regyuleta hizo mbili. Mgongo wa chuma wa 7812 umeungana na sifuri. Wa 7912 umeungana na umeme unaoingia. Ukizifunga pamoja kwenye bati moja bila karatasi ya mika na kikombe cha plastiki cha skrubu, umeunganisha hasi na sifuri, na fyuzi itakatika kabla hujasikia noti. Miguu yao pia haifanani. Kwa 7812 mguu wa kwanza ni wa kuingiza. Kwa 7912 mguu wa kwanza ni sifuri na wa kuingiza ni wa katikati.

Halafu kuna anga letu. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria inapanda nyanda hizi zilizo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na alasiri inageuka radi na mvua ya mawe. Mkulima anahesabu majani chai yaliyochanika, nami nahesabu vinanda vilivyoungua. Weka varista ya volti 275, kile kifaa kinachomeza stima inayoruka ghafla, nyuma ya fyuzi kati ya laini na nyutro. Hata hivyo, radi ikianza kunguruma chomoa plagi ukutani, kwa maana hakuna varista ya kuaminiwa radi ikipiga karibu.

Anayeanza namsihi asiguse volti 240 kabisa. Zinaua. Achukue betri mbili za volti 12 zilizofungwa, aina ya kengele za usalama, aziunge moja nyuma ya nyingine na kuiita sehemu ya kati sifuri. Aweke fyuzi kila upande. Tayari ana chanya 12 na hasi 12, bila mvumo, na kwa boma lenye sola betri hizo huchajiwa mchana.

Paneli nayo ni zaidi ya urembo, maana inashika nati za volyumu na jeki na kuzuia mvumo wa mkono wako usiingie. Vipimo vilivyoenea duniani, alivyovianzisha Mjerumani Dieter Doepfer miaka ya 1990, ni urefu wa milimita 128.5 na upana unaopimwa kwa hatua za milimita 5.08. Vifuate, ili ala yako iingie kwenye fremu ya mwenzako. Alumini ya milimita 2 utaipata kwa mafundi wa madirisha; vipande wanavyovitupa vinatosha. Gonga alama kwa msumari kabla ya kutoboa, la sivyo biti itateleza, kisha anza na tundu dogo na kulipanua hatua kwa hatua. Maandishi ya stika ya karatasi hayadumu Kericho, unyevu unayavimbisha. Chora kwa ncha ya chuma na ujaze rangi.

Kasha lake? Nyumba nyingine za wazee bado zina yale makasha ya mbao nyembamba yaliyosafirisha chai kabla ya mifuko ya karatasi, yenye kingo za bati na foili ndani. Foili hiyo ukiiunga na sifuri inakinga mvumo vizuri sana.

Kabla ya kuchomelea osileta yoyote, washa pawa saplai ikiwa peke yake, upime pande zote mbili. Iwekee mzigo, uiache saa nzima, upime tena. Ikisoma 12 na hasi 12 bila kuyumba, na bati likiwa na joto unaloweza kulivumilia kwa kidole, sasa endelea na sauti.