Miguu Ikifa Ganzi Uzeeni: Kumsaidia Mzee Asianguke

Leo tuongee juu ya miguu.

Wengi wenu hapa Ramisi na kule Msambweni mnaishi na mavyaa au babu ambaye siku hizi anatembea kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Anapanua miguu, anashika ukuta. Ndara inamvuka bila kujua, anaendelea na safari, mguu mmoja uko wazi. Ukimuuliza atasema, "Ni uzee tu, mwanangu." Jirani atasema amekanyaga kitu cha watu. Kabla hujakubali hayo, fikiria mishipa ya fahamu.

Mishipa hii si ile ya damu. Ni kama nyuzi nyembamba zinazotoka kwenye uti wa mgongo hadi vidoleni. Hupeleka amri kwenye misuli, na hurudisha habari: ardhi ni moto, pana mwiba, mguu umefika chini. Ya miguuni ndiyo mirefu kuliko yote, kwa hivyo mara nyingi huumia kwanza. Mzee huhisi ganzi, au nyayo zinawaka moto usiku, au kama sisimizi wanamtambaa, miguu yote miwili. Baadaye nguvu hupungua, ncha ya mguu haiinuki vizuri, anajikwaa.

Mguu usipoleta habari, macho ndiyo hufanya kazi hiyo. Mchana mzee anaona anapokanyaga, anajimudu. Taa ikizimwa, anaanguka. Mtazame akitawadha: akifumba macho kunawa uso, je, anayumba? Ukiona hivyo mwambie daktari au nesi, habari hiyo itamsaidia sana.

Kinachoharibu mishipa hii ni nini? Zamani ukitaja sukari Ramisi watu walifikiria kiwanda, kile kilichofungwa mwaka 1988. Sukari ninayokutana nayo mimi ni ya damu, na hiyo ndiyo ya kupima kwanza. Ni tone moja tu la damu kidoleni. Kwa mtu ambaye hajala tangu jana usiku, kipimo cha 7 au zaidi, kikirudiwa siku nyingine kikawa hivyo hivyo, ni kisukari. Tangu mwaka 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye mashine ya kupimia, basi muulize wa kijiji chako.

Ziko sababu nyingine. Mnazi wa kila siku kwa miaka mingi. Upungufu wa vitamini B12, hasa kwa mzee anayeshinda kwa chai na mkate, hapati samaki, yai wala maziwa. Na metformini, dawa ya kisukari, ikitumiwa miaka mingi inaweza kuipunguza vitamini hiyo. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi nayo huweza kuleta ganzi, ndiyo maana hutolewa pamoja na vitamini B6. Usimwachishe mzee dawa yoyote kwa kusikia haya redioni! Nenda ukaulize. Na ukiona baka kwenye ngozi lisilohisi hata likiguswa, mpeleke akapimwe ukoma. Bado uko Kwale, unatibika, na dawa zake ni bure.

Tuseme ukweli: mshipa uliokufa zamani mara nyingi haurudi kama ulivyokuwa. Sababu ikitibiwa, uharibifu unaweza kusimama au kupungua. Lakini kuzuia kuanguka kunaweza kuanza leo usiku.

Acha taa ndogo au tochi karibu na kitanda. Choo kikiwa nje, mwekee ndoo ya haja ndogo chumbani. Wazee wengine huona haya, zungumza naye taratibu mkiwa wawili tu. Kunja mkeka uliojikunja pembe. Paka kizingiti chokaa nyeupe akione. Akiamka, akae kwanza kitandani kidogo ndipo asimame, kwa sababu akisimama ghafla huenda akashikwa na kizunguzungu. Bakora iwe na urefu wa kufika kwenye kifundo cha mkono, na aishike mkono ulio upande wa mguu wenye nguvu. Kuswali ameketi kitini kunaruhusiwa, na wazee wetu wanalijua hilo.

Usimwache akae tu. Asimame na kuketi kwenye kiti imara mara 10, asubuhi na jioni, wewe ukiwa karibu. Kisha ashike meza, ainue visigino na kuvishusha.

Lililo gumu kwetu ni kukanda. Tunawapenda wazee wetu, tunawakanda kwa maji ya moto. Lakini mguu wenye ganzi hausemi "naungua". Nimesafisha vidonda vya namna hiyo, na mwenyewe hakusikia chochote alipoungua. Pima maji kwa kiwiko chako, na usimwekee makaa wala chupa ya moto. Kila jioni tazama nyayo zake na katikati ya vidole. Badala ya ndara, viatu vilivyofunika vidole, navyo vikung'utwe kabla ya kuvaliwa.

Yako mambo yasiyongoja kliniki: upande mmoja wa mwili kulegea ghafla au mdomo kwenda upande, udhaifu unaopanda kutoka miguuni kwa siku chache, au miguu kulegea pamoja na kushindwa kuzuia haja. Hapo tafuta gari mkimbie hospitali ya Msambweni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.