Kiendelezi au Nyongeza? Istilahi na Usalama wa Kivinjari

Miongoni mwa istilahi za kompyuta, kivinjari ni neno lililobahatika. Kuvinjari ni kuzunguka huku na huku kwa kutafuta au kwa kulinda. Hivyo hadhari imo ndani ya neno lenyewe. Programu ndogo zinazopachikwa katika kivinjari hazijapata bahati hiyo. Huitwa nyongeza, programu-jalizi au viendelezi, kila mtu na lake.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Tuchukue mfano wa Itigi, mkoani Singida, mji ulio kwenye Reli ya Kati. Mwanafunzi asiye na kompyuta, anapotaka kuomba mkopo wa elimu ya juu, huenda kwenye duka la steshenari akaandika nenosiri lake katika kompyuta itumiwayo na kila mteja. Ikiwa kivinjari cha hapo kimepachikwa programu mbaya, nenosiri hilo laweza kusomwa. Sasa mwenye duka akiulizwa na kompyuta iwapo anakubali "nyongeza", atakataa kwa sababu gani? Nyongeza tunayoijua ni ya mshahara, au ya kiganja cha mchele juu ya kipimo sokoni. Hakuna aliyezoea kuiogopa.

Programu-jalizi nayo ina kasoro. Kujaliza ni kukijaza kitu hata kitimie, kana kwamba kivinjari bila hiyo kimepungukiwa. Kwa maoni yetu kiendelezi, neno ambalo tayari limo katika Chrome ya Kiswahili, ndilo lifaalo: lasema kwamba uwezo unaendelezwa, wala halisemi ni kwa faida ya nani.

Uwezo huo ndio wa kupimwa, na kipimo chake ni ruhusa ambazo kiendelezi huomba. Ruhusa ya kusoma na kubadilisha data katika tovuti zote ni pana mno. Kizuia-matangazo huihitaji kwa haki, maana kazi yake ni kulinganisha kila anwani inayoitwa na orodha ya anwani zisizotakiwa. Kidhibiti cha manenosiri pia huihitaji. Faida yake ni kwamba hakijazi nenosiri penye anwani ya uongo, hata ukurasa ukifanana na wa kweli kama pacha. Lakini kikokotoo kikiomba ruhusa hiyo, kikataliwe.

Tena mwenye kiendelezi aweza kubadilika. The Great Suspender, kilichokuwa na watumiaji wengi, kilipita mikononi mwa mwenye mpya mwaka 2020. Februari 2021 Google ilikizima kwa kuwa kilikuwa na programu hatari ndani yake. Kwa hiyo vichache ni bora, na kisichotumika kiondolewe. (Wenye simu za Android wajue kwamba Firefox hupokea viendelezi, ilhali Chrome ya simu haipokei.)

Limebaki neno "hali fiche". Wengi hudhani kwamba humficha mtu asionekane na yeyote, nalo si kweli: huacha tu kuhifadhi kumbukumbu za safari baada ya dirisha kufungwa. Hata hivyo, viendelezi havifanyi kazi humo mpaka viruhusiwe, na hilo lamfaa yule mwanafunzi wa Itigi, ingawa si kinga dhidi ya programu mbaya iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe. Sisi tungependelea "hali isiyohifadhi". Wenye maduka ya steshenari watuandikie wateja wao huiitaje.