Kumsikia Lars Jukwaani

Sogeeni, vijana wangu, niwaeleze habari za mchoraji wa Norwei aliyeitwa Lars Hertervig, na jinsi alivyopandishwa jukwaani miaka zaidi ya mia moja baada ya kufa kwake.

Lars alizaliwa mwaka 1830 katika kisiwa cha Borgøya, kwenye familia maskini. Watu wenye uwezo walikiona kipaji chake wakamsaidia, akaenda kusomea uchoraji Düsseldorf, Ujerumani, kwa mwalimu Hans Gude. Akili yake ilipoanza kuvurugika, alirudi kwao. Mwaka 1856 akalazwa Gaustad, hospitali ya wagonjwa wa akili katika mji ambao leo ni Oslo, na alipotoka miaka miwili baadaye, madaktari walikuwa wamekwisha kumkatia tamaa.

Yeye hakuacha kuchora. Alipokosa pesa za turubai na rangi za mafuta, aliokota karatasi za kufungia tumbaku, akaziunganisha kwa gundi ya unga, akapaka rangi za maji: visiwa, bahari iliyotulia, misonobari mikongwe, mawingu yenye nuru ya ajabu. Mtasikia watu wakisema kwamba ugonjwa ndio uliompa ufundi. Msiwasadiki. Lars alikuwa mchoraji kabla haujamjia, na akabaki mchoraji ulipomnyang'anya karibu kila kitu kingine.

Mwandishi Jon Fosse, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2023, miaka miwili baada ya Abdulrazak Gurnah wetu wa Zanzibar, alimtungia Lars riwaya iitwayo Melancholia. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1995. Kinaanzia Düsseldorf. Lars yuko kitandani mchana, amevaa suti yake ya mahameli ya zambarau, anaogopa kwenda kusikia Gude atasema nini juu ya picha yake. Anampenda Helene, binti wa nyumba aliyopanga, na sasa anaambiwa ahame. Sentensi zinazunguka: wazo linakwenda hatua moja, linarudi, linaanza upya. Vitambaa vyeusi na vyeupe ambavyo wengine hawavioni vinamsogelea mpaka anakosa pumzi. Nasi hatuna pa kukimbilia, maana Fosse ametufungia humo humo kichwani mwake. Wachoraji wenzake wanapomcheka katika klabu yao ya Malkasten, kicheko kinatuchoma sisi pia.

Sasa fikirini kazi ya kuipeleka hadithi hiyo jukwaani. Ukumbini mtazamaji anakaa mbali, anamtazama Lars kwa nje: kijana anayeongea peke yake na kutikisa mikono hewani. Ni rahisi sana watazamaji nao wakageuka kuwa Malkasten nyingine!

Mtunzi wa muziki Georg Friedrich Haas, wa Austria, aliifanya opera, yaani mchezo ambao maneno yake huimbwa, na maneno hayo aliyaandika Fosse mwenyewe. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 2008, katika jumba la Palais Garnier. Haas anajulikana kwa kutumia sauti zilizo kati ya sauti, zile ambazo piano haina kwa sababu zinaangukia katikati ya kibonyezo na kibonyezo. Aliyezoea ganuni na udi katika taarabu ya Unguja anazijua sauti za namna hiyo, na kwake ni tamu. Haas anazirundika pamoja, anazivuta polepole, mpaka sikio linapoteza mahali pa kusimama. Hapo hatumtazami tena Lars kwa mbali. Tunasikia kwa masikio yake, na anayesikia hivyo hawezi kumcheka.

Lars alifariki Stavanger mwaka 1902, akiwa fukara. Mwaka 1914 picha zake ziliwekwa katika maonyesho makubwa, Wanorwei wakashangaa kuona walikuwa na mchoraji wa namna hiyo. Nawaombeni mzitafute. Anzeni na zile za kisiwa chake cha Borgøya, mtazame kwanza mawingu.