Magunia yalitoka mwisho

Wiki ya mwisho ya mitihani, ukipita nyuma ya hosteli yetu utakuta kirikuu tatu nne zimejipanga, na wenzetu wanarusha magodoro, mabegi na mitungi ya gesi kama watu wanaokimbia mafuriko. Mwaka jana nilisimama pale nikamwona jamaa mmoja anapakia friji ndogo mwisho kabisa, mlangoni, juu ya ndoo mbili. Nikamwambia, "Kaka, hiyo ilitakiwa iingie kwanza." Akaniangalia kama nimemtukana. "Kwani wewe fundi wa kupakia?"

Fundi sio. Ila natoka Mwandoya, na nina mdogo wangu ambaye bega lake la kushoto limekaa chini kidogo kuliko la kulia. Pale nyuma ya hosteli, na jua lile, sikuweza kueleza yote. Naeleza hapa.

Mwandoya iko wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu, kwenye barabara inayotoka Bariadi kupitia Kisesa na kuendelea Mwanhuzi. Kwetu pamba ndiyo hela, na vijana wengi wanaojua kupakia gari wamejifunzia kwenye pamba. Msimu ukifunguliwa wanapanda ndani ya bodi, wenzao wanarusha pamba kutoka chini, wao wanaikanyaga. Wanakanyaga na kuimba na kukanyaga tena, mpaka mzigo unapanda juu ya kingo za bodi kama mkate uliochachuka. Pamba ambayo haijachambuliwa ni nyepesi kwa ukubwa wake, kwa hiyo gari linajaa kwa macho kabla halijajaa kwa uzito. Tena pamba ni ileile, mbele mpaka nyuma, chini mpaka juu. Ukiiweka huku au kule, hakuna tofauti. Shindilia, funika turubai, funga kamba, gari liondoke.

Vyombo vya nyumbani sio pamba. Hilo ndilo tulilokosea.

Ilikuwa Desemba, nikiwa likizo ya kidato cha sita. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amehamishiwa upande wa Bariadi, na baba alishatangulia kutafuta nyumba. Hela ya uhamisho ilikuwa haijatoka, kwa hiyo tulikodi Canter moja, safari moja, kila kitu kiingie humo. Mjomba akaleta vijana wanne wa pamba. Hao hulipwa kwa gari, sio kwa saa. Ukiwachelewesha unawala hela yao. Saa mbili asubuhi walianza, saa nne kasoro walishamaliza. Majirani wakasifu.

Sasa angalia mpangilio. Nyumba huhamishwa kwa kufuata milango yake. Sebule iko mbele, basi makochi yalitoka kwanza yakaingia mbele ya bodi. Vikafuata viti, kabati la vyombo, vitanda vilivyofunguliwa, masanduku. Jikoni kuko nyuma. Na stoo, ambako kulikuwa na magunia kumi ya mahindi ya kilo mia mia, ndiyo ya mwisho kabisa. Kwa hiyo magunia yalitoka mwisho, na yakakaa mwisho: yote kumi yamesimamishwa mlangoni mwa gari, nyuma ya ekseli ya nyuma. Hakuna aliyeamua iwe hivyo. Nyumba yenyewe ndiyo iliyoamua.

Kanuni ya momenti tulifundishwa kidato cha pili, ya rula na mawe madogo. Chukulia Canter ambayo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3.5. Weka kilo 1,000 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya nyuma inageuka kuwa egemeo, na mzigo unanyanyua pua ya gari: 1,000 mara 1, gawanya kwa 3.5, unapata karibu kilo 286. Uzito huo umeondolewa kwenye magurudumu ya mbele. Nao haupotei, unahamia nyuma, ambako ekseli sasa inabeba kilo 1,286 za mahindi ambayo mizani ya stoo inasema ni kilo 1,000. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona. Ukiyapunguzia uzito, yanapunguza kushika barabara.

Niliona lile gari limekaa matako chini. Niliona kabisa. Nikasema moyoni, mjomba yupo, dereva yupo, hawa kaka wanapakia tangu sijaanza shule, mimi nani? Mama akaniuliza, "Mwanangu, kila kitu kimeingia?" Nikajibu kimeingia.

Juu ya mzigo wakaweka magodoro, na juu ya magodoro akapanda mdogo wangu, darasa la sita wakati huo, pamoja na kijana mmoja wa kupakia aliyeomba lifti. Kwetu kukaa juu ya mzigo ni jambo la kila siku. Mbele walikaa dereva, mama na mimi.

Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha. Anayeijua mbuga ya Meatu anaujua ule udongo mweusi: ukikauka unapasuka nyufa, ukilowa unateleza kama sabuni. Tulipita Kisesa salama. Mbele kidogo kuna kona, wala sio kali. Dereva akakata usukani, usukani ukakubali, gari likakataa. Likaenda moja kwa moja hadi mtaroni na kulalia ubavu wa kushoto, bila kuanguka. Lakini makochi na viti vilivyokuwa na nafasi kati yao vikasukumana, magodoro yakateleza, na watoto wa watu wakateleza nayo. Yule kijana aliruka. Mdogo wangu alishuka na godoro, likamwahi chini kabla yake, ndiyo maana kilichovunjika ni mfupa wa mtulinga na sio shingo. Dereva aliniambia baadaye, tukiwa kwenye benchi la kituo cha afya, kwamba usukani ulikuwa mwepesi tangu tunatoka Mwandoya. Alidhani ni matope.

Jioni tulishusha kila kitu pembeni mwa barabara na kupakia upya, mjomba akisimamia. Safari hii nilisema. Hiki ndicho tulichofanya, na ndicho ninachofanya hadi leo, hata kwa kirikuu.

Kwanza toa vyote nje kabla chochote hakijaingia. Panga uwanjani kwa uzito, sio kwa chumba. Inachukua nusu saa na wapakiaji watanuna, hivyo patana nao bei ya kazi hiyo mapema. Vizito vinaanza, chini kabisa, kutoka ukuta wa mbele wa bodi. Magunia tuliyalaza mawili mawili kwa upana wa bodi, mistari mitano, yakaishia kabla ya ekseli ya nyuma. Kulia na kushoto sawa. Usirundike yote kwenye ukuta wa mbele pia, kwani ekseli ya mbele nayo ina kikomo chake, tandaza. Wenye magari makubwa wanalijua hili kwa faini, maana mizani za barabarani hupima ekseli moja moja. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 1, 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani na tani 10 kwenye ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne. Jumla yako inaweza kuwa halali na ekseli moja ikakufunga.

Friji inasimama. Ukiilaza, mafuta ya kompresa yanatiririka kwenye mabomba. Kama ililazimika kulala, iache isimame saa kadhaa kabla ya kuiwasha. Mtungi wa gesi nao unasimama, koki imefungwa, usiwe ndani ya kirikuu iliyofungwa pande zote pamoja na watu. Mafuta ya taa mbali na unga. Chai yenye harufu ya taa niliwahi kuinywa wiki mbili.

Halafu nafasi tupu. Hapa ndipo wengi wanapofeli, kwa sababu wanadhani kamba inamaliza kila kitu. Kiwango cha Ulaya cha kufunga mizigo, EN 12195-1, kinataka mzigo uzuiwe kwenda mbele kwa nguvu sawa na 0.8 ya uzito wake, na kwenda pembeni au nyuma kwa 0.5. Friji ya kilo 60, dereva akikanyaga breki ya ghafla, inasukuma mbele kama kilo 48. Ikiwa imeegemea kitu kizito, haina pa kwenda. Ikiwa na nafasi ya nusu mita mbele yake, itaanza mwendo, na hapo hesabu inabadilika kabisa. Mablanketi, mito, nguo kwenye viroba: hivyo ndivyo vya kuziba. Watu huvitupa juu kwa kuwa ni vyepesi, wakati kazi yake iko katikati.

Kamba pitisha juu ya mzigo, funga kwenye ndoano za chini ya bodi, usifunge kwenye mbao za ubavuni. Tengeneza kitanzi katikati ya kamba, pitisha ncha kwenye ndoano, irudishe ipite ndani ya kitanzi, kisha vuta kuelekea chini. Kitanzi kinafanya kazi kama kapi na mtu mmoja anakaza kwa nguvu ya wawili. Madereva wote wanalijua fundo hili, omba wakufundishe. Ukisafiri kilomita chache, simama ukaze tena. Mzigo hukaa chini, nailoni hutanuka, na kamba iliyokuwa inalia kama zeze inalegea.

Kuhusu migongo: ILO, katika Pendekezo Namba 128 la mwaka 1967, iliweka kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo ambao mwanaume mzima abebe peke yake. Gunia letu la mahindi linakaribia mara mbili ya hapo, na lile la lumbesa linapita. Wawili wabebe, au lipunguzwe kwenye viroba. Ile jioni tulipunguza, mama akishika tochi.

Na juu ya mzigo hakuna mtu. Kutoka pale mtaroni hadi Bariadi yule kijana wa lifti alisubiri gari nyingine.

Yule jamaa wa friji? Aliishusha, huku akinung'unika. Tulipakia upya kwa dakika ishirini, dereva wa kirikuu akitazama simu kila baada ya dakika mbili, na mwisho akaongeza elfu tatu kwenye bei. Tulichanga.