Apollo 13: Ufa Ulioachwa Bila Kuzibwa

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Aghalabu methali hii hutajwa katika mijadala kuhusu malezi, afya au uongozi. Hata hivyo, mojawapo ya mifano yake ya kutisha zaidi ilijitokeza mbali sana na nyumba yoyote, takriban kilomita 320,000 kutoka duniani, mnamo Aprili 1970.

Chombo cha Apollo 13 kilirushwa kutoka jimbo la Florida, Marekani, tarehe 11 Aprili 1970. Ndani yake mlikuwa na wanaanga watatu: James Lovell aliyekuwa kiongozi wa msafara, Jack Swigert na Fred Haise. Lengo lao lilikuwa kufika katika eneo la mwezi liitwalo Fra Mauro, ambako Lovell na Haise wangetua na kuokota mawe ya kuchunguzwa na wanasayansi. Kama wangefaulu, hiyo ingekuwa mara ya tatu kwa binadamu kutua mwezini. Maadamu Neil Armstrong alikuwa amekwisha kuukanyaga mwezi Julai 1969, umma ulianza kuziona safari hizo kama jambo la kawaida. Jioni ya tarehe 13 wanaanga walituma matangazo ya televisheni kutoka angani, lakini hakuna mtandao mkubwa wa televisheni nchini Marekani ulioyarusha moja kwa moja.

Dakika chache baadaye, Swigert aliwasha feni za kukorogea oksijeni iliyokuwa ndani ya matangi mawili nyuma ya chumba chao. Ghafla ulisikika mshindo, na chombo kikatikisika. Tangi la pili lilikuwa limelipuka na la kwanza likaanza kuvuja. Ni muhimu kutambua kuwa oksijeni hiyo haikuwa ya kupumua tu. Iliunganishwa na hidrojeni katika mitambo maalumu ili kuzalisha umeme pamoja na maji ya kunywa. Kuipoteza kulimaanisha kupoteza pumzi, mwanga na maji kwa mpigo mmoja.

Swigert aliwaarifu waongozaji waliokuwa Houston, na Lovell akaurudia ujumbe huo, kwamba walikuwa wamepata tatizo. Filamu iliyotolewa mwaka wa 1995 iliibadilisha kauli hiyo ikawa ya wakati uliopo: tuna tatizo. Mwanafunzi wa lugha ataona kwamba tofauti hiyo si ndogo. Kiambishi -me- hueleza tendo lililokwisha kutimia ambalo athari yake ingalipo, na kwa hakika tatizo la Apollo 13 lilikuwa limeanza miaka mitano kabla ya mshindo huo kusikika.

Mnamo 1965 iliamuliwa kwamba vipashajoto vya matangi vitumie umeme wa volti 65 badala ya 28 wakati chombo kikiwa bado kwenye kituo cha kurushia. Swichi ndogo zilizopaswa kukata umeme joto linapozidi hazikubadilishwa, na ukaguzi uliofuata haukuligundua kosa hilo. Mwaka wa 1968 tangi lenyewe liliponyoka likaanguka sentimita chache tu kiwandani. Halikuonyesha dosari yoyote kwa nje. Lakini majuma mawili hivi kabla ya safari, mafundi walishindwa kuliondoa oksijeni kwa njia ya kawaida. Waliamua kuwasha vipashajoto kwa saa nyingi ili oksijeni igeuke mvuke na kutoka. Swichi zile ziliungua zikagandamana, nao umeme ukaendelea kupita. Kipimajoto walichokitazama hakikuweza kuonyesha zaidi ya nyuzi 27 hivi za Selsiasi, ilhali ndani ya tangi joto lilikuwa limepita nyuzi 500. Nyaya zikabaki bila ngozi ya kuzikinga, zikisubiri cheche.

Ikiwa uzembe katika mambo madogo ndio ulioleta maafa, uangalifu katika mambo madogo ndio ulioleta wokovu. Chumba kikuu, Odyssey, kilizimwa ili kuhifadhi betri za kurejelea duniani. Wanaanga wakahamia Aquarius, chombo cha kutulia mwezini, kilichoundwa kuwahifadhi watu wawili kwa takriban siku mbili. Sasa kilitakiwa kuwahifadhi watatu kwa takriban siku nne. Injini yake iliwashwa ili kukielekeza chombo katika njia ya kuuzunguka mwezi na kurudi kwa nguvu za mvutano wake. Njia hiyo ingewaangusha katika Bahari ya Hindi, mbali na meli za uokoaji. Baada ya kuupita mwezi, injini iliwashwa tena, safari ikapunguzwa kwa takriban saa kumi na mahali pa kutua pakawa Bahari ya Pasifiki.

Aidha, hewa chafu ya kaboni dioksidi ilianza kujaa ndani ya Aquarius. Vichujio vya akiba vilikuwa vya Odyssey, navyo vilikuwa vya mraba, ilhali matundu ya Aquarius yalikuwa ya mviringo. Wahandisi wa Houston walikusanya vifaa vile vile tu walivyokuwa navyo wanaanga: mifuko ya plastiki, jalada la kitabu cha maelekezo, mipira ya mavazi ya angani na utepe wa gundi. Waliunda kiunganishi kisha wakakieleza kwa redio, hatua baada ya hatua. Hewa ikasafika. Kwa siku kadhaa wanaanga walivumilia baridi kali na kugawana maji kwa vikombe vidogo, hadi walipotua salama tarehe 17 Aprili 1970.

Tume ya uchunguzi ilifichua chanzo cha ajali, na matangi yakaundwa upya. Feni ziliondolewa, nyaya zikakingwa vyema na tangi la tatu likaongezwa. Mnamo Februari 1971, Apollo 14 ilitua Fra Mauro. Lovell hakuwamo. Yeye aliyefariki Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka 97, alikuwa binadamu wa kwanza kusafiri hadi mwezini mara mbili, na mara zote mbili alirudi bila kuukanyaga. Hiyo ndiyo iliyokuwa gharama ya swichi mbili ambazo hakuna aliyekumbuka kuzibadilisha. Ukuta ulijengwa, naam, lakini ufa ungalizibwa mapema, kazi yake ingalikuwa ya dakika chache mezani pa fundi.